Chupa ya Bafa Isiyokwisha

Kule maabara walimbandika jina la Bafa, na si kwa mapenzi. Walimbandika kwa sababu alikuwa hachoki kuwasema. Kila asubuhi, kabla hata hajafunga vifungo vya koti lake jeupe, anainua ile chupa kubwa iliyo kando ya sinki, anaitikisa, anauliza, "Nani ameongeza maji humu?" Chupa yenyewe ilikuwa haiishi. Watu wanamimina kutwa nzima, na jioni unaikuta imejaa pomoni.

Ndani yake kulikuwa na maji ya bafa, yaani maji safi yaliyoyeyushiwa chumvi mbili za maabara. Ikiingia asidi kidogo, chumvi moja inaidaka. Yakiingia magadi kidogo, ya pili inayadaka. Maji yanabaki pale pale yalipo, hayasogei. Hayo ndiyo huchanganywa na dawa ya rangi inayopakwa kwenye damu ili vimelea vya malaria vionekane kwa darubini. Maji yakiyumba, rangi nayo inayumba, na kimelea kinakaa mbele ya macho yako usikione.

"Hata damu yako ina bafa yake," alikuwa akiwaambia mpaka sauti inamkauka. "Ukikimbia, misuli inatoa asidi, damu inaimeza, wewe unaendelea na safari zako. Lakini kila bafa ina kiasi chake. Ukiongeza maji ya bomba, chumvi ni zile zile, kazi imezidi. Haitasema imechoka. Itashikilia weee, halafu siku moja itaachia."

"Sawa, mwalimu," alikuwa akijibu mwenzake waliyemwita Kidevu, macho hayatoki kwenye darubini. "Tumesikia. Na mtaa wa pili wamesikia."

Nyumbani nako kulikuwa moto. Mama yake aliishi kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Bafa, na wawili hao walikuwa hawasemezani. Wanalala nyumba moja, wanakula meza moja, lakini maneno yao yote sharti yapitie kwa Bafa, aliyepanga chumba upande mwingine wa mji. "Mwambie mdogo wako redio yake inanipasua kichwa." "Dada, mwambie mama asimfokee mke wangu mbele ya watoto." Naye anapokea la huku, analipunguza makali, analipeleka. Analipokea la kule, analipaka asali, analirudisha. Walimsifu kwamba ana kifua. Yeye alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Basi mama akashikwa na homa. Bafa alimtoa damu mwenyewe, akampa Kidevu aipake rangi na kuisoma, maana pale hawaruhusu mtu kusoma damu ya ndugu yake. Majibu: hakuna kitu. Kesho yake homa ikapanda, wakarudia. Hakuna kitu. Mama akaachwa kwenye benchi la nje, amejifunika khanga mpaka masikioni na jua linawaka. Hapo ndipo simu ya mdogo wake ilipoita.

"Dada, mama anadeka. Si vipimo vimesema hana kitu? Anagoma kula chakula cha mke wangu, basi. Mwambie aache."

"Mama anatetemeka, wewe! Nimemshika kwa mikono yangu."

"Ndiyo mwambie sasa."

Alikata simu bila kuaga. Siku hiyo sheria ya ndugu aliivunja. Aliichukua slaidi ya mama, kile kioo kilichopakwa damu yake, akaiweka kwenye darubini, na hakuhangaika na vimelea. Alitazama rangi. Kila kitu kilikuwa cha waridi. Hata viini vya chembe nyeupe za damu, ambavyo hutakiwa kuwa zambarau iliyokolea, vilikuwa vimepauka. Bafa ilikuwa imeachia.

"Kidevu! Nani ameongeza maji kwenye chupa?"

Kidevu aligeuka, na safari hii hakuwa na mzaha. "Dada yangu, si wewe? Juzi. Umebana simu begani unambembeleza mdogo wako, ukafungua bomba, ukaijaza mpaka shingoni. Nikasema huyu ndiye mwenye chupa, anajua anachofanya."

Alifungua mdomo abishe. Ikamjia: ubaridi wa chupa kiganjani, na yeye akisema, "Nimekuelewa, mdogo wangu, nitamwambia." Aliona aibu hadi masikio yakamchoma.

Aliimwaga chupa yote. Akaisuuza, akapima chumvi upya, akayeyusha, akachovya kipimo cha asidi mpaka kikasoma sawasawa. Akamwambia Kidevu wagonjwa wote waliopimwa tangu juzi waitwe warudi, na wakiuliza kosa la nani, amtaje yeye. Kisha akamtoa mama damu mpya. Kidevu aliipaka rangi, akainama kwenye darubini, hakukaa sana.

"Wapo," alisema. "Tena tele."

Mama alimeza dozi ya kwanza pale pale kwenye benchi. Simu ikaita tena.

"Dada, vipi? Mwambie mama..."

Bafa aliiondoa simu sikioni, akamwekea mama mkononi.

"Nani? Mdogo wako?" Mama alirudi nyuma. "Mwambie kwamba mimi..."

"Yuko hapo, mama. Mwambie mwenyewe."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Bafa tayari alikuwa na maneno mazuri mdomoni, laini, ya kuwasaidia wote wawili. Alikaza meno, akatazama ukuta.

"Ni mimi," mama alisema mwishowe. "Naumwa, mwanangu. Kweli naumwa."