Hodi Iliyokuja na Upepo

Niwie radhi mapema, msomaji, maana kisa hiki nitakiharibu. Nimesimama jukwaani miaka mingi nikichekesha watu, na kila nikijaribu kukisimulia naanza vizuri, nafika katikati, nakimbilia kumwiga mwalimu mkuu mwenye mafua ili watu wasahau nilikuwa nasema nini. Leo sina pa kukimbilia, maana karatasi haicheki. Vumilia tu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka soko la Ikutha, wenzetu walikuwa na kalenda ukutani. Sisi tulikuwa na Susu. Susu ni bibi, mama mzazi wa Baba, na kazi yake, mbali na kusuka vyondo, ilikuwa kutunza historia ya vimbunga. Alikuwa akisokota katani juu ya paja huku akivitaja kimoja kimoja. Kile cha mwaka Baba anaota meno, kilichong'oa ghala zima la mtama kikalisimamisha katika boma la jirani, na jirani akakataa katakata kulirudisha. Kile kilichomkuta mama yake Susu akiwa msichana, kikabeba mbuzi watatu, wawili wakarudi wenyewe. Na kile cha mwanzo kabisa, ambacho hakuna aliye hai aliyekiona, kilicholaza miti yote vichwa vikielekea magharibi.

Magharibi, kwa sababu vyote vilitoka upande wa bahari. Na kwa Susu upepo haukuwa hewa. Zamani, alisema, wanaume wa kwetu waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, na wengi hawakurudi. Walifia njiani, au ng'ambo, bila mtu wao wa kuwazika. Hao ndio wanaokuja. Wamechoka, wanatafuta kwao, ndiyo maana wanaingia kila nyumba. Basi upepo mkubwa ukitokea, wewe mwenye nyumba unafungua milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma, unamwaga maji kidogo kizingitini, unakaa chini, unanyamaza. Asiye wako atapita. Aliye wako atabisha hodi, na hapo utajua kwamba wako amekufa.

Mama alikuwa ameokoka, tena mwanakwaya wa mstari wa mbele, na mambo hayo hayakumpendeza.

"Mama, mlango hufungwa upepo ukija," alimwambia Susu siku moja. "Haufunguliwi."

"Funga wako. Lakini mume wako yuko wapi? Si yuko huko huko upepo unakotoka?"

Mama akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Maana hilo ndilo lilikuwa jambo letu. Baba alikuwa amekwenda Mombasa kupakua mizigo bandarini. Mwanzoni barua zilikuja, na siku moja yakaja mabati kumi na manne juu ya lori, tukawa nyumba pekee yenye mabati kwenye kilima kile chote. Kisha barua zikakoma. Mwaka ukapita, na nusu nyingine. Kigoda chake cha miguu mitatu kilikaa pembeni mwa meko, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata paka. Kila mtu pale nyumbani alikuwa akiuliza swali moja bila kulitamka: yu hai, au hayupo?

Kila siku ya soko Mama alipita dukani kwa Mzee Salim, mtu wa pwani, ambako barua za watu ziliachwa. Barua hakuna. Ila Mzee Salim alikuwa na redio, na mwezi wa tatu ule, tukingoja mvua, alimpa habari badala ya barua: huko kusini mwa bahari, upande wa Madagaska, kimbunga kimezamisha vyombo.

"Lakini wewe usihofu, mama," alimwambia. "Mombasa hakifiki. Sisi hupata mkia tu."

Mama alirudi nyumbani na huo mkia kichwani.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa na kipaji. Nilimwiga Mzee Salim. Nilimwiga mchungaji akitafuta miwani aliyoivaa. Nilimwiga punda wetu mpaka punda mwenyewe akanijibu. Lakini kazi yangu bora ilikuwa Baba. Nilikuwa nikitoka nje, nikikaza shingo, nikiishusha sauti hadi tumboni: "Hodi wenyewe! Kuna uji hapa ama nirudi Mombasa?" Mama alikuwa akicheka, halafu akigeukia meko na kusingizia moshi.

Susu hakucheka. Nilipewa jina la babu, Kilonzo, kwa hiyo aliniita mume wake, na siku moja alinivuta sikio kama mume mbaya. "Mume wangu, iga punda. Iga hata mimi na meno yangu mawili. Lakini mtu aliye njiani usimwige. Sauti ikimtangulia, yeye akifika atakuta mlango umefungwa."

Nilimwiga akisema hivyo, kwa meno mawili. Dada yangu mdogo alijikojolea kwa kicheko.

Upepo ulikuja mchana, saa nane hivi. Mama alikuwa bondeni akichota maji katika mchanga wa mto, dada mgongoni. Kuku waliingia ndani bila kuitwa. Kisha mashariki pakasimama ukuta mwekundu kutoka ardhini hadi mbinguni, na ukuta ule ulikuwa unatembea.

"Mume wangu! Fungua nyuma!"

Nikafungua, nikatokea huko huko nyuma, nikajibana kwenye ukuta wa ghala. Kutoka pale nilimwona Susu ndani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi, alikuwa akiona vivuli tu. Alikaa sakafuni akiuelekea mlango wa mbele, kata ya maji mkononi, sikio limeinuka.

Sikuwa na nia mbaya. Nilichokiona ni mtu mmoja amekaa kimya, amegeukia mlangoni, anangoja. Mchekeshaji yeyote atakuambia huyo ni mtazamaji. Nikazunguka nyumba mbio, vumbi likinichapa meno, nikasimama mbele ya mlango, nikashusha sauti hadi tumboni.

"Hodi wenyewe! Hodi, Mama!"

Nilikuwa nangoja aniambie, "Toka hapa, punda wewe!" Hapo ndipo kicheko kingekuwa. Nimewahi kukosea muda wa kichekesho mara nyingi, lakini sijawahi kungoja kicheko kama nilivyokingoja kile.

Susu aliinamisha kata akamwaga maji yote, taratibu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umechoka. Ingia."

Nilifungua kinywa kusema ni mimi. Kikajaa mchanga. Juu yetu misumari ikaanza kulia mmoja baada ya mwingine, mabati yakapiga makofi mara mbili, na paa la Baba likaondoka, lote kwa pamoja.

Mama alipofika alimkuta Susu amekaa pale pale, mbingu kichwani, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi.

"Mwanangu amekufa baharini," alisema. "Amekuja. Amebisha hodi."

"Ni mabati ulisikia, Mama. Mabati hulia."

"Nilimzaa mimi. Nisijue sauti yake?"

Mama akanigeukia. Alikuwa bado ameubeba mtungi, maji yamegeuka matope. "Kilonzo. Wewe ulikuwa hapa. Ulisikia sauti ya baba yako?"

Nilifikiria fimbo. Nafsi ya mtoto ni ndogo, inatosha fimbo moja tu. Nikasema, "Nilisikia."

Haukuwa hata uongo. Mtungi ukapasuka miguuni pake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Kimbunga cha redio na hodi ya mlangoni vilipatana kama mashahidi wawili. Susu alinyoa nywele. Alikipindua kigoda cha Baba, miguu juu, ndiyo ishara kwetu kwamba mwenyewe hatakikalia tena. Mchungaji, ambaye hakuamini pepo za aina yoyote, alikuja akaomba tulivyo, bila paa, waumini wakikinga jua kwa vitabu vya nyimbo. Mabati tuliyapata bondeni yamejikunja kama majani makavu.

Susu aliacha kula. Hakutangaza, aliusogeza tu uji pembeni kila ulipoletwa. Pojo zilipoanza kutoa maua nilipiga magoti kando ya mkeka wake nikamwambia kila kitu. Nikasema, "Susu, ilikuwa mimi. Nilimwiga." Hata nikaitoa ile sauti, kidogo, ili aamini.

Alipapasa uso wangu, akatabasamu kwa meno yake mawili. "Unanifariji, mume wangu. Wewe ni mtoto mwema. Hata yake haikuwa nzito hivyo."

Wiki ile tulimzika. Mama alivumilia mwaka mmoja zaidi, kisha wakwe wakamruhusu, akarudi kwa wazazi wake Mbooni pamoja na dada, na huko akaolewa na mgane mwenye miembe na watoto wanne. Mimi niliachwa kwa baba mdogo, Mutinda, kwa sababu ya shule.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa asubuhi, nikifunga kamba ya punda.

"Hodi wenyewe! Kuna uji hapa ama nirudi Mombasa?"

Mke wa baba mdogo alikimbia akavuka ua wa miiba bila kuuona. Mimi sikukimbia. Nilijua sauti ile haikuwa nzito kama yangu.

Alikuwa amekonda, ana sanduku la bati na kikohozi. Alikuwa amechukuliwa kazi melini, akaugua katika bandari ya mbali, akalazwa huko miezi. Aliandika barua, alisema. Zilipotelea wapi, nani ajuaye. Baba mdogo alimweleza yote wamesimama, kwa sababu hakuna aliyejua amkaribishe akae wapi. Baba alisikiliza kuhusu mama yake. Alisikiliza kuhusu mke wake. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani alisema nimekufa?"

"Mama alikusikia," baba mdogo akajibu. "Ulibisha hodi."

"Alinisikia?"

"Na huyu pia."

Wote wawili wakanitazama. Nikatazama kamba ya punda. Baba akanishika kichwa, akasema, "Pole, mwanangu. Lazima uliogopa sana." Mpaka leo sijapigwa na mtu kama nilivyopigwa na mkono ule.

Alikwenda peke yake kwenye ile nyumba isiyo na paa. Alikikuta kigoda, akakisimamisha, lakini hakukikalia. Siku ya tatu aliondoka na sanduku lake, na safari hiyo hakuna barua iliyongojwa, wala haikuja. Hatukumwona tena.

Siku hizi nimemzidi umri aliokuwa nao. Nikipatwa na mafua na kubisha hodi kwa watu, ni yeye anayebisha. Watoto wangu wananiambia niifanye sauti ya babu yao jukwaani. Nawafanyia punda.

Nikienda kwetu nawasikia wazee wakivitaja vimbunga bado: cha ghala, cha mbuzi, na hiki cha mwisho, kilichoangamiza nyumba yetu nzima, mama, mwana na ndoa. Wanatikisa vichwa, wanasema upepo ni mbaya. Nami hukaa pale, mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Ukambani, nimeufunga. Upepo ulichukua mabati kumi na manne. Yale mengine niliyabeba mimi.