Mume wangu aliwasha umeme mdogo wangu akiwa ameshika nyaya

Admin, jina langu usiliweke, huku Kasansa tunajuana mpaka kwa ndala. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu. Nimeolewa na mwanaume ambaye hapa nitamwita Fundi, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Kazi ya umeme hajasomea popote. Wakati umeme unaletwa kwenye vijiji vyetu alibeba nguzo, basi. Nguzo zikaisha, akabaki na bisibisi na maringo.

Tuna mashine ya kukoboa mpunga. Ikisumbua, Fundi anafungua boksi la umeme bila kuzima chochote, kandambili miguuni, sakafu imelowa. Watu wakishtuka yeye anafurahi. Anasema, "Kuzima ni kwa waoga. Mimi na umeme tunaheshimiana." Wanaume wazima wanampigia makofi. Mimi nilikuwa naangalia pembeni kwa aibu.

Mdogo wangu, nimwite Deo, yeye amesoma umeme chuo cha ufundi Mpanda mjini. Msimu huu wa mavuno mota iligoma, Fundi akahangaika nayo ikamshinda, ndipo nikampigia Deo simu. Alipofika aliwatoa wateja wote nje. Akashusha swichi kubwa ya ukutani, akaifunga kitambaa chekundu, akaniambia, "Dada, hii asiiguse mtu mpaka niseme mimi mwenyewe." Akapima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akapiga magoti akaanza kufungua nyaya za mota.

Fundi alikuwa ametoka. Akarudi, akakuta wateja wamekaa uani na magunia yao wanamsifia Deo. Hilo lilimchoma. Akaingia ndani, akacheka, "Kijana, unazima mtaa mzima kwa ajili ya waya mbili? Ngoja nikuonyeshe wanaume wanavyofanya kazi." Nikamwambia, "Baba Anita, acha, Deo kashika nyaya." Alinisikia. Aliniangalia usoni, akafungua kile kitambaa, akapandisha swichi.

Deo hakupiga kelele. Alikakamaa tu, mikono imeng'ang'ania, meno yamebana. Na yule shujaa anayeheshimiana na umeme alikuwa amesimama mbele ya swichi, mkono bado uko juu yake, anaita mama yake. Kuishusha tu alishindwa. Nilimsukuma akaangukia pumba, nikaishusha mimi. Deo akaanguka kama gunia.

Tulimpakia kwenye pikipiki kwenda zahanati, na kutoka hapo akapelekwa hospitali Mpanda. Mungu ni mwema, yuko hai. Ila mkono wa kulia umeungua vibaya, vidole viwili vimekatwa.

Sasa sikilizeni. Pale wodini, mbele ya ndugu zangu, Fundi alieleza kwamba Deo alisahau kuzima umeme, na kwamba yeye ndiye aliyemwokoa. Nilifungua mdomo, mama mkwe akanivuta korido akilia, "Mwanangu, ukisema atafungwa. Hawa watoto utawalea na nani?" Nikanyamaza. Deo mwenyewe hakumbuki zaidi ya kupiga magoti. Ameambiwa kosa ni lake na ameamini. Alipopata nguvu alimshika Fundi mkono kwa ule wake mzima, akasema, "Shemeji, nisamehe, nilikuletea matatizo kwenye mashine yako."

Nilisubiri kuona kama kuna mtu ndani ya yule mwanaume. Akajibu, "Yameisha, kijana. Siku nyingine uwe makini."

Tangu siku hiyo nikimwekea chakula natamani kumwagia mbwa. Jumapili kanisani alipongezwa, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtakatifu. Usiku analala fofofo anakoroma. Mimi ndiye nakaa macho.

Ningevumilia labda, kwa ajili ya watoto. Lakini sifa zimefika mbali. Shule moja huku kwetu imemwomba afunge umeme kwenye bweni jipya la wasichana, na Anita wangu atalala humo humo. Amekubali. Jana nilimwambia aache, hiyo kazi haiwezi. Akasema, "Wewe ni mwanamke, umeme utaujulia wapi?" Mtu aliyeita mama yake.

Kibaya zaidi, Deo ameomba amfuate kama msaidizi. Mkono bado una bandeji. Anasema ni njia ya kumshukuru kwa kumwokoa. Wanaanza Jumatatu.

Nikisema, mume anaweza kwenda jela na ukoo wake utanifukuza na wanangu. Nikinyamaza, nampeleka mdogo wangu na watoto wa watu kwenye mikono ile ile. Nyie mliopitia makubwa, msinitukane, niambieni tu: nianze kwa Deo, au niende moja kwa moja kwa mkuu wa shule? Na nikishasema, ndugu zangu, usiku huo nilale wapi na watoto?