Mgomo wa Marubani na Gauni Langu la Harusi

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Ifakara nzima inaijua, na wanaoisimulia wananiongezea chumvi. Ilikuwa miaka ya tisini, wiki ya harusi yangu, mchumba wangu Festo aliyekuwa akisoma Ulaya akanipigia simu posta (enzi hizo unaitwa, unaingia kibandani, unapiga kelele na foleni nzima inasikia) akaniambia marubani wa ndege yake wamegoma.

"Shirika pinzani lina kiti kimoja leo," akasema, "ila sanduku halichukui. Shirika rafiki, linaloshirikiana na hili letu lililogoma, litanichukua pamoja na sanduku, lakini abiria wote tuliokwama tumerundikwa kwao, sijui zamu yangu lini."

Sandukuni mlikuwa na gauni langu, na mimi nilishawatambia wenzangu kwamba sivai la kushonwa hapa sokoni, langu linakuja kwa ndege, basi nikapaza sauti, "Usipande! Subiri gauni! Utawahi tu!"

Jumamosi kanisa likajaa, wakwe walishashuka na treni kutoka Mlimba na magunia yao ya mchele, mimi nimevaa gauni la kuazima linalonibana kwapani (la fundi yuleyule wa sokoni), na Festo hayupo. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikazirudia, padre akasema anasubiriwa Mang'ula, akaondoka. Ndipo wifi yangu Modesta, kumbe siku ile alikuwa kwenye foleni ya simu, akasimama katikati ya watu.

"Mnamlaumu kaka yangu bure! Kiti alipata, huyu ndiye aliyemkataza!"

Mama mkwe akanigeukia, wala hakupandisha sauti. "Kumbe mwanangu, ulitaka kuolewa na gauni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitokea mlango wa nyuma nikilia, na ule wali wa harusi ukaliwa kimya kama wa msiba.

Festo alifika Jumanne. Akamwamkia baba shikamoo, akaweka sanduku mlangoni, akaniambia, "Mzigo wako huo," akapanda treni kumfuata mama yake Mlimba. Nililia, nikamwandikia, nikatuma watu, wapi! Hakurudi.

Gauni lenyewe zuri, jamani. Wasichana wengi wa hapa wameolewa nalo, mimi sijalivaa hata siku moja. Ila nimeapa: kila anayekuja kuliazima namwuliza kwanza bwana harusi yuko wapi, na akiniambia yuko njiani, simpi.