Nilimfunga Mbwa wa Baba Mkwe Goti Zima

Kosa ni langu, mbwa hana hatia. Nimelificha mno, leo nalitoa lote mbele yenu.

Miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kuuza dawa za mifugo, nami nilifungua kibanda pale Bariadi. Udaktari sikusomea. Nilikuwa na kitabu kikuukuu cha magonjwa ya mbwa, nikakisoma mpaka kurasa zikalegea. Goti ndilo nililolipenda! Nilijua ndani yake kuna kano mbili zilizopishana, na ile ya mbele ikikatika, mfupa wa muundi huteleza mbele kama droo. Nilifanyia mazoezi magoti ya mbuzi kutoka buchani, hadi mama akalalamika nyumba inanuka.

Siku moja akaja baba yake Nkwimba, binti niliyetaka kumwoa, na mkokoteni wa ng'ombe kutoka Lalago. Ndani amelala Popi, mbwa anayelinda zizi lake dhidi ya fisi.

"Mwangaluka, daktari!" akanisalimu. "Huyu alitumbukia shimoni akikimbiza fisi, mwezi wa pili sasa. Goti."

Nilipaswa kuuliza: mguu upi? Sikuuliza! Baba mkwe aniite daktari, halafu nimuulize swali la kitoto? Kumshusha mbwa atembee nako niliogopa, kano isije ikakatika zaidi. Nikajaribu kusukuma muundi, Popi akakaza misuli na kunionyesha meno. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima mapaja mara tisa. La kulia lilikuwa nene zaidi. Nikajiambia, hili limevimba!

Nikalifunga goti la mguu huo kwa mianzi na pamba yetu ya hapa hapa. Fundo nililirudia mara nne, maana halikukaa sawa.

Mungu wangu! Kumbe paja la kushoto ndilo lililokonda kwa kutotumika. Nilifunga mguu mzima.

Baada ya wiki mzee akarudi. "Kijana, nilikuletea mbwa wa miguu mitatu, umenirudishia wa miwili."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikadanganya! "Baba, ndiyo tiba mpya. Mguu mzima unafungwa ili usiuharakishe ule mgonjwa."

"Kumbe! Wabeja sana," akanishukuru.

Jamani, mzee naye alikuwa na goti bovu, mimi sijui! Siku washenga wangu walipokwenda Lalago kuzungumza mahari, nami nimejibanza nyuma yao, mzee alitoka kutupokea amefunga mianzi kwenye goti lake zima. Hatua moja tu, akaangukia beseni la maziwa.

"Msishtuke," akasema akiwa chini, kwa fahari. "Ni tiba ya mkwe wangu."

Nikapiga magoti ndani ya maziwa yale, nikasema yote.

Mzee akajifuta ndevu taratibu. "Kukosea mguu wa mbwa ningekusamehe. Lakini umenitazama usoni ukanidanganya, na mimi nikajifunga mwenyewe. Simamisha wazee wako, mwende."

Popi alipona. Alilala wiki nyingi kwa kukosa mguu wa kusimamia, goti likapumzika. Mimi sikupona. Nkwimba aliolewa Nyashimo na fundi baiskeli, mtu ambaye kabla hajagusa kitu humuuliza mteja, "Pancha iko gurudumu lipi?"

Vijana wenzangu mnaojifunza wenyewe, ulizeni! Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaitumia tiba yenu.