Sista Pole na Sauti ya Kitanda cha Saba

Alizaliwa tarehe tisa Machi mwaka 1931, mtoto wa sita wa fundi saa. Mama yake alisimulia kwamba hakutamka neno hadi alipotimiza miaka minne. Alisikiliza tu, amekodoa macho, hata shangazi zake wakadhani ana kasoro. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, akapangiwa wodi ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kwa kuwa yeye alimwambia kila mgonjwa "pole" kabla ya neno jingine lolote, wakamwita Sista Pole.

Wodi ile ilikuwa na desturi njema. Mgonjwa akikaribia kukata roho, masista walimzunguka, mmoja wao akaandika maneno yake ya mwisho ili ndugu wapewe. Lakini wengi walikuwa wageni wenye Kiarabu cha nyumbani kwao, na masista walifundishwa Kiarabu cha vitabuni peke yake. Wasipoelewa, waliandika: "Hakusema kitu." Hawakuwa na nia mbaya, la hasha, waliona ni kelele za homa. Ndivyo alivyoandikiwa bibi wa kitanda cha saba, aliyerudia sentensi moja mara tatu, akafa. Binti yake, mshonaji, alikuwa amegombana naye siku ile ile na kuondoka kwa hasira. Aliporudi, akauliza, "Ameniachia neno gani?" Wakamsomea. Binti akaamini mama yake amekufa na kinyongo naye, na tangu hapo kila Ijumaa akawa anakuja kuuliza tena, masikini, kana kwamba jibu lingebadilika.

Mwezi haujaisha, saa sita mchana, Sista Pole akitandika vitanda alisikia sentensi ile ile ya bibi. Kitanda cha saba kilikuwa kitupu, ila shuka aliyotoka kuinyoosha ilikuwa imebonyea mahali pa kichwa. Nywele zikamsimama. "Pole, mama," akasema, akatimua mbio. Tusimcheke; watakatifu nao wana miguu. Kesho yake sauti ikarudi, na keshokutwa. Alimleta mama dobi wa hospitali, mmoja wa wale wageni, naye hakusikia chochote. Sista alipojaribu kuiiga sentensi, ikamtoka mkorogo mtupu.

"Basi nifundishe," akamwomba, kwa Kiarabu cha vitabuni.

Mama dobi alicheka akashika mbavu. "Sista, unaongea kama taarifa ya habari! Nani anambembeleza mtoto kwa lugha hiyo?"

Sista akaanza kufua naye mashuka. Alijifunza maneno ya kukamua, ya kugomba, ya kumnyamazisha mtoto anayelia. Mama Mkuu akakasirika: lugha ya sokoni haimfai mtawa. Sista Pole akajibu, "Mama Mkuu, kwa ile ya vitabuni naweza kuwahubiria. Lakini wao hawawezi kuniomba maji." Akakatazwa miaka minne, akatii, na kila adhuhuri sauti ilimfuata hata kanisani, hadi akakonda. Aliporuhusiwa, alirudi kwenye beseni siku hiyo hiyo.

Mwaka wa tisa tangu bibi afe, mchana mweupe, sauti ikasema nayo ikaeleweka. Ijumaa alimkalisha mshonaji kwenye kitanda cha saba, akamwambia: "Mama yako anasema, 'Mwanangu amekula? Mwambieni nimemfunikia chakula chake.'"

Mshonaji alilia kwa sauti mpaka mama dobi akaja mbio. Aliponyanyuka, shuka ilikuwa imenyooka. Wodi ikatulia. Kisha, kutoka kitanda cha tatu, kilichokuwa kitupu pia, mwingine akaanza.

Miaka ishirini na tisa iliyobaki Sista Pole aliketi humo kila adhuhuri, akipeleka ujumbe nyumba kwa nyumba. Alifariki tarehe mbili Juni 1990. Wanaosafisha wodi hushuhudia kwamba tangu siku hiyo ni kimya, wala hakuna shuka inayobonyea yenyewe.

Mama Mkuu, mwenye miaka themanini na mmoja sasa, anajifunza lugha ile kwa mama dobi. Anatamka vibaya, wagonjwa wanamcheka, na wakishacheka wanamweleza ya moyoni. Wewe unayetaka kumwiga mtumishi huyu wa Mungu, nenda kwa jirani yako akiwa bado mzima, ujifunze anavyosema akiwa jikoni kwake. Kwa maana binti yule alilia miaka tisa kwa ajili ya neno lililotamkwa waziwazi, mara tatu, mbele ya masista sita wenye masikio mazima.