Matanga ya Kinanda

Jamani, hili nalisema kwa sababu nusu ya Chumbageni wanalijua tayari na nusu nyingine wanalijua vibaya, wengine wanasema nilikuwa nimelewa, wengine ati nilitaka urithi, basi bora mlisikie kwangu mwenyewe, mimi Mbwana mpiga kinanda, mtu mzima na ndevu zangu, niliyemwekea mama yangu matanga naye yu hai, kwa kidole gumba tu. Aibu yake bado inanifuata. Nikienda dukani wananiuliza, "Mbwana, leo nani kafa?" na mimi nanunua sukari yangu nainamisha kichwa najipitia.

Kwanza mkijue hicho kinanda. Ni kinanda cha umeme, cheusi, kizito kama gunia la mahindi mabichi, jina lake la kiwandani ni herufi mbili na namba ambazo hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo sisi wapigaji wa Tanga tunamwita Bimkubwa. Kwa nini? Kwa sababu kila mpigaji akipata visenti vyake huoa kingine kipya, chepesi, chenye taa nyingi, anakaa nacho miezi miwili mitatu, halafu utamwona huyo anarudi kwa yule wa kwanza kichwa chini, kama mume yeyote aliyeongeza mke kwa pupa. Na ukishakipa kitu jina la mtu utakisema kama mtu, hakuna namna: Bimkubwa anaumwa, Bimkubwa leo hataki joto, Bimkubwa meno yamemtoka (vile vibao vya kubonyeza sisi ndiyo meno). Taarabu ya Tanga nzima imesimama juu ya mgongo wake, na makanisani pia yumo, kwaya za Walutheri wanaye, za Wakatoliki wanaye, na ile sauti yake ya filimbi, wallahi, bibi harusi asiyelia akiisikia basi huyo kalazimishwa.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, nipo peke yangu nyumbani nakunywa chai ya mkandaa, kavu bila maziwa, mama alikwenda Pangani tangu Jumatano, akavuka na pantoni mpaka ng'ambo ya Bweni kwa mama mdogo, kumlea binti yao aliyejifungua. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza kama ina homa. Ni kundi letu la wapiga vinanda. Elirehema, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, mtu mpole asiyepaza sauti hata akikanyagwa, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti anapiga kelele: "Ndugu zangu, wameacha kumtengeneza! Kiwanda kimetangaza! Bimkubwa basi, hatoki tena, waliobaki ndio hao hao!"

Weee! Hapo ndipo mngetuona. Wa Muheza anauliza vipuri itakuwaje, wa Pongwe anaapa hamuuzi wake hata kwa kiwanja, mwingine anasema yeye kuanzia leo analala naye chumba kimoja na mkewe ahamie kwa watoto. Mdoe wa Maramba akaandika kwa herufi kubwa kwamba anapakia wake kwenye pikipiki sasa hivi, tukutane, tusikae majumbani kama yatima. Tukakubaliana saa nne kwenye ule ukumbi wetu wa mazoezi, kila mwenye Bimkubwa aje naye, tumpigie wote kwa pamoja. Mimi moyo unanidunda, huzuni na furaha vimechanganyika, sijui hata ile chai niliimalizia au niliimwaga.

Na ndipo nikafanya kile kitendo kidogo. Nikasema hapana, habari kubwa namna hii haiwezi kubaki kwenye kundi la watu kumi na tano, ngoja niiweke pale kwenye ukurasa wangu ambapo kila mwenye namba yangu anaona. Nikaandika: "Bimkubwa hatunaye tena. Alitulea, alitulisha, alituvisha. Buriani mama." (Inna lillahi sikuiweka, namshukuru Mungu, adabu hiyo angalau nilikuwa nayo.) Nikaambatisha na picha ya kinanda nimekifunika kanga nyeusi, nikabonyeza, nikaizima mitandao na simu zote zisiingie, kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo tungerekodia video, nikambeba Bimkubwa kwenye bajaji nikaondoka.

Picha haikupanda. Mtandao ulikuwa dhaifu, yakaenda maneno matupu.

Nyie mshaliona shimo. Mimi sikuliona. Mama yangu, Bi Mwanahamisi, mtaa mzima hakuna anayemwita Mwanahamisi, wanamwita Bimkubwa, kwa sababu mimi humwita hivyo tangu nilipovunja sauti.

Huko ukumbini, jamani, niseme kweli, hata leo nikikumbuka nasisimka. Vinanda sita, vyote ndugu, vimepangwa mstari mmoja! Mdoe alikuwa kamfunga wake kwa godoro la mtoto na kamba za katani, kapita naye mashimo yote ya Mkinga, akamfungua, akambonyeza, naye akaitika, sote tukapiga ukelele kama timu imefunga. Elirehema akapiga nyimbo za Krismasi na huu ni mwezi wa saba, sisi wa taarabu tukamwingilia katikati kwa mwendo wa harusi, naye wala hakuacha, tukakutana huko huko mbele. Tukala kiapo: hakuna kumuuza nje ya Tanga, na Bimkubwa wa mtu akifa viungo vyake ni vya wote. Elirehema akafuta miwani akasema, "Sikujua ninampenda hivi mpaka niliposikia hatengenezwi." Mpaka saa tisa alasiri hatukukumbuka kula.

Nikarudi na bajaji, shati langu jekundu limelowa jasho, kinanda nimekilaza mapajani nacho kina betri yake, nakipiga njia nzima, dereva anatingisha mabega. Pale kwenye kona yetu dereva akapunguza, na Bi Tatu muuza mihogo akaacha karai lake akaja mbio, akanikumbatia, analia. Nyuma yake Mzee Mbaruku, jirani yetu, yule aliyemsaidia mama kunilea baba alipofariki, na fimbo yake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Pole sana. Tumeiona habari yako."

Mimi nikaguswa! Nikasema kumbe watu wa mtaani nao wanauthamini muziki kiasi hiki, na sisi tunawalaumu kila siku.

"Ahsante, mzee wangu. Tumeshapoa, tumekuwa tukimpigia tangu asubuhi."

"Kumpigia nini?"

"Muziki."

Mzee akamtazama Bi Tatu. Bi Tatu akasema polepole, "Mshtuko huo."

"Na kwa kweli," nikaendelea, mdomo wangu huu, "alishachakaa. Meno mawili hayapo, sauti ya juu inakwaruza, ukimwacha juani anazimika. Nilijua siku moja watamwacha tu. Ila msiwe na wasiwasi, natafuta mwingine."

"Mwingine nani?" Mzee Mbaruku akauliza, na fimbo imeanza kunyanyuka.

"Mwingine kama yeye. Yupo mmoja Maramba, ametumika, lakini wanasema bado ana nguvu."

Bi Tatu akajishika kichwa. "Mtoto kaharibikiwa! Mpelekeni akasomewe, mpelekeni!" Nikamwambia dereva twende, nikiwaza hawa wazee leo wana nini, na kwa kuwa nilikuwa bado na furaha yangu nikaongeza sauti.

Tukakata kona. Jamani. Turubai. Turubai la buluu kutoka ukuta wetu mpaka ukuta wa jirani, viti vya plastiki, wanaume na kofia zao, sufuria mbili za wali mekoni, wanawake wamejaa barazani na mikeka, na mimi naingia katikati yao na shati jekundu na bajaji inayopiga mwendo wa harusi. Watu mia wakageuka kwa pamoja. Kidole changu kikaganda kwenye jino moja, na lile jino likaendelea kulia peke yake, piiiiiii.

Nikashuka. Akanivamia dada yangu Mwanaisha, aliyeolewa Korogwe, sijui kafika saa ngapi, kanga kichwani, macho yamevimba. "Mbwana! Mama kafa nawe wapiga muziki? Mbwana weye ni mtu?"

Mama kafa.

Hapa ndugu zangu msicheke kwanza. Mimi niliamini. Kwa nini nisiamini, na turubai lile, na dada yangu analia? Nikakaa chini mchangani pale pale nikalia kama mtoto, nikaona mikono ya mama anakanda unga, nikakumbuka kwamba Jumatano alipokuwa anaondoka aliniomba nimbebee kikapu chake nami nikamjibu nina mazoezi. Wanaume wakaninyanyua wakanikalisha. Nikalia mpaka kwikwi, ndipo nikapata pumzi ya kuuliza, "Kafa saa ngapi? Nani kawapa habari?"

"Si wewe?" akasema Mwanaisha.

"Mimi?"

Akanionyesha simu yake. Nikayasoma maneno yangu mwenyewe, bila picha, na hapo ndipo nikaliona lile shimo. "Mbona hamkumpigia mama?" Mtu mmoja nyuma akajibu, kwa adabu kabisa, "Marehemu anapigiwa?" Na waliojaribu, simu ya mama ilikuwa inaita humo humo chumbani kwake, aliisahau kwenye chaji. Na ng'ambo? Mtandao ulisumbua asubuhi nzima, mpaka Mzee Mbaruku akampata mume wa mama mdogo dakika moja tu, akamwambia, "Bwana, msiba umetufika hapa nyumbani kwa Bimkubwa, fanyeni haraka," ikakatika. Hapa mtaani wakachukulia kwamba maiti inaandaliwa huko ng'ambo, inaletwa. Walikuwa wanaisubiri.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Naapa nilikuwa nauanza. Ndipo gari kutoka Pangani likaingia.

Wanaume wakasimama wote, mikono ya kanzu wakaipandisha, sita wakasogea mbele kupokea jeneza, wanawake wakaanza kulia upya. Mlango ukavutwa. Akashuka mama yangu, peku, mtandio umemwanguka mabegani, analia kuliko wote: "Mwanangu! Mwanangu Mbwana! Nionyesheni mwanangu!" (Kumbe huko ng'ambo, walipoambiwa msiba nyumbani kwake, na nyumbani kwake kabaki nani? Mimi. Kavuka mto mzima ananililia.)

Wale sita wakatawanyika. Mmoja aliruka ukuta, simtaji, ni mtu wa heshima. Sufuria moja ya wali ikapinduka. Mimi nikapiga kelele "Mama!" naye akapiga kelele "Mbwana!" tukaparamiana katikati ya turubai, ananipapasa uso, mimi nampapasa mikono, kila mmoja anahakikisha mwenziwe ana joto.

Akatulia yeye kwanza. Akajifunga mtandio, akalitazama turubai, viti, watu. "Basi kafa nani?"

Nikapandishwa juu ya kiti nikaeleza. Nilieleza vyote, kiwanda, Elirehema, picha kukataa. Niliposema neno "kinanda" Mzee Mbaruku alikaa chini akaufunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika, nikadhani kazidiwa, kumbe anacheka. Na kicheko hicho kikahama kiti kwa kiti mpaka barazani kwa wanawake, ikawa hakuna tena wa kunipiga isipokuwa Mwanaisha, naye alinipiga vizuri.

Mama hakucheka. Akavuta kiti akakaa mbele kabisa. "Mbaruku, nasikia ulikuwa unanisifu kabla sijaja."

"Ee, nilisema mawili matatu."

"Hebu endelea. Nisikie na mimi."

Basi wakamsifu, mmoja mmoja, kwa haya, naye anaitikia "Eee" au "Hilo si kweli, alikuwa dada yangu." Wali uliosalia ukaliwa. Mwisho akaniuliza, "Na huyo marehemu yuko wapi? Mlete, tumsikie aliyetutoa machozi." Nikakipiga kinanda pale pale chini ya turubai, na wanawake waliokuja kulia wakapiga vigelegele, na Bi Tatu akacheza mpaka kiatu kimoja kikapotea.

Kesho yake mama alinitembeza nyumba kwa nyumba, yeye mbele mimi nyuma, shikamoo na samahani, shikamoo na samahani, mtaa mzima. Nimekoma. Siku hizi kitu kikifika mwisho nasema kimeharibika, basi. Betri kwangu haifi, inaisha, na redio haifi, inapelekwa kwa fundi. Viwanda viache kutengeneza chochote vinachotaka, mimi nitanyamaza. Nilikuwa yatima kwa muda wa kama robo saa, wenzangu, na vinanda vyote vya Tanga havikuweza kunibembeleza.