Mahali pa Kutua Ndege Weupe

Marie-Rose Nabindu, mdogo wangu, ni binti wa Kashindi aliyewavusha watu wa Rugenge kwa mtumbwi wakati wa vita. Ni mjukuu wa Nabindu, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa Kavimvira, na mjane wa Térence, mvuvi wa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani. Si muntu wa kuokotwa njiani.

Wanawe wote walihama. Wanapiga telefone siku ya Noeli.

Térence alipokuwa hai, kila mwaka mvua zikianza, alikwenda kwenye kisiwa kidogo cha mchanga karibu na mdomo wa mto Ruzizi, unapoingia ziwani, kukata matete. Ndege weupe wanaotoka nchi za baridi hawatui penye matete, maana kenge hujificha humo. Alipokufa, Marie-Rose akachukua panga lake. Akishakata, hukaa ndani ya mtumbwi peke yake, akiwaangalia wanavyotua. Nilimuuliza siku moja anatafuta nini kule. Akasema, "Walioondoka wakarudi, iko hawa tu."

Mwaka huu ziwa limepanda, na magoti yake yamevimba. Akamwomba Eliane, mtoto wa marehemu kaka yetu, anayebadilisha pesa mpakani, ampigie kasia.

"Shangazi, unaenda kupokea wageni wasiokunywa hata chai."

"Weye piga kasia. Hata wale wanaokunywa chai, sijawaona."

Walikuta kisiwa kimebaki kidogo kama ua wa nyumba, matete tupu. Ndege walikuwa wameshafika. Walishuka, wakaogopa, wakapanda tena. Wengine walikuwa wameanza kushika njia ya kusini.

Marie-Rose akaingia majini, akakata. Hakwenda mbali, goti likakataa. Akaketi matopeni, panga mkononi, macho juu. Hakulia. Kwetu hatulii mbele ya watu.

Eliane akaifunga telefone yake ndani ya sashe ya plastiki, akapandisha kitenge, akachukua panga. Alikata akinung'unika mpaka mchanga ukaonekana. Kisha wakarudi mtumbwini, wakajisogeza mbali.

Ndege mmoja akatua. Akatembea huku na huku kama muntu anayekagua nyumba ya kupanga. Wengine wakamfuata.



"Wanarudi kwao lini?" Eliane akauliza.

"Mwezi wa nne." Marie-Rose akalifuta panga kwa kitenge chake, akamwekea Eliane mapajani. "Miye sitafika tena huku. Mwaka ujao, mvua ya kwanza ikianguka, ukuje ukate, mbele ya ndege kufika. Usingoje nikuite."